Beryl Markham: Mama wa farasi aliyeanza upya kila alipoanguka

Wadau, sisi wa Temeke na Kinondoni farasi tunayemjua ni yule wa polisi, anayetupanga foleni siku ya Simba na Yanga. Leo nawaletea mwanamama wa hapo jirani Kenya aliyekula na kulala na farasi. Wengi wanamkumbuka kwa ndege tu.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Mwaka 1906 akaletwa Kenya, baba yake akafungua shamba la farasi Njoro. Mama hakuvumilia, akarudi kwao. Ukweli usemwe, walikuwa walowezi. Ila binti alikua na watoto wa Kikalenjin pale shambani, akapiga Kiswahili, akajifunza kuwinda kwa mkuki. Rafiki yake wa utotoni, arap Ruta, baadaye alifanya naye kazi miaka mingi.

Baba akafilisika, akaenda zake Peru. Binti hajafikisha hata miaka 20! Akabaki, akachukua leseni, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa kocha wa farasi wa mashindano. Mwaka 1926 Wise Child, farasi jike mwenye miguu mibovu, akamshindia St. Leger ya Nairobi.

Kisha akahamia kwenye ndege. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi, upepo unampiga usoni. Baada ya saa kama 21 mafuta yakagoma, akaangukia kwenye tope Nova Scotia, Kanada. Akapona. Dunia ikamshangilia, halafu ikamsahau. Kitabu chake cha 1942 hakikuuzika sana.

Akiwa anakaribia miaka 50 akarudi Kenya, mfukoni hana kitu. Akaanza tena na farasi. Matokeo? Kenya Derby mara sita!

Uzeeni fedha zilikata tena, akawa anaishi kwenye kijumba karibu na uwanja wa mbio za farasi Nairobi. Mwaka 1983 kitabu kikachapishwa upya Marekani, safari hii kikauzika kweli. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Ndege ilimpa jina, lakini farasi ndio waliomlisha. Kinachoniuma ni masaisi wa Kiafrika waliowaogesha na kuwalisha farasi wale alfajiri. Ukimtoa arap Ruta, nani anajua majina yao? Kama babu yako alifanya kazi hiyo, mwaga habari hapo chini.