Harry Goldblatt: munganga, imbwa zake, na siri ya tansio

Hapa kwetu Kasumbalesa, mutu akianguka ghafula ku kazi, neno la kwanza ni kwamba wamemuroga. Mara nyingi ilikuwa tansio tu, na hakuna aliyemufasiria. Leo tuongee juu ya munganga mumoja aliyetumika miaka mingi juu ya ugonjwa huo.

Harry Goldblatt alizaliwa mwaka 1891 kule Muscatine, jimbo la Iowa, Marekani. Alisomea unganga Kanada, kwenye chuo cha McGill, akamaliza 1916. Alitumika mu jeshi wakati wa vita ya kwanza ya dunia, halafu akapata kazi mu muji wa Cleveland. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na kutafuta sababu ya kifo.

Njo pale alianza kuona kitu. Watu waliokufa na tansio ya juu, mishipa midogo ya mafigo yao ilikuwa imefinyana. Banganga wengi walisema tansio inaanza, kisha inaharibu mafigo. Goldblatt akajiuliza kinyume: figo ikikosa damu, si yenyewe inaweza kupandisha tansio?

Ili kujua, alitumia imbwa. Alitengeneza kibano kidogo cha feza, akakifunga ku mushipa unaopeleka damu mu figo, akakikaza polepole. Akikaza figo moja, tansio ilipanda, lakini mara nyingi ilishuka tena. Akikaza yote mbili, ilipanda na kubaki juu miezi na miezi. Alitangaza matokeo 1934. Akikaza kwa kadiri, imbwa ziliendelea kula na kutembea kama hakuna kitu. Hiyo njo hatari ya tansio: haipigi hodi.

Alikata pia mishipa ya fahamu inayofika ku figo. Tansio ikapanda vilevile. Basi, figo yenyewe inatia kitu mu damu. Kitu hicho, renini, Tigerstedt na Bergman walikiona mu figo za sungura kule Stockholm 1898, lakini watu walikuwa wamekisahau. Nyuma ya kazi ya Goldblatt, banganga wa Buenos Aires na wa Indianapolis walionyesha namna renini inaanzisha kitu kingine kinachokaza mishipa ya mwili muzima.

Mu 1937, yeye na mwenzake Keyes waliandika juu ya macho ya imbwa hizo. Tansio ikipanda sana, damu inamwagika ndani ya jicho, na utando wa nyuma unaopokea mwangaza unaweza kubanduka. Imbwa inakuwa kipofu. Tusichanganye: presha ya ndani ya jicho lenyewe, glokoma, ni ugonjwa mwingine na inapimwa na chombo kingine. Lakini kama imbwa yako muzee, mugonjwa wa figo, inaanza kugonga viti ghafula, munganga wa nyama aipime tansio.

Wakati ule dawa zilikuwa hakuna. Prezida Roosevelt, yeye ambaye serikali yake ilichukua uranyumu yetu ya Shinkolobwe, alipimwa mwaka 1944: 186 juu ya 108. Mukubwa wa Marekani nzima, lakini banganga walikuwa na dawa kidogo sana za kumupa. Aprili 1945 mushipa ulipasuka mu kichwa, akafa.

Goldblatt alikufa 1977. Miaka ine kisha, 1981, kaptopril ilianza kuuzishwa Marekani. Ni kidonge kinachozuia njia ileile ya figo. Yeye hakuiona siku hiyo.

Sisi tunaiona, lakini inatusaidia nini kama hatujue namba zetu? Mwenzetu mumoja, muendesha mashine, walimupima kila mwaka. Karatasi ilibaki mu biro. Alijua ugonjwa wake siku macho yalimufungia giza akiwa ku mashine. Kumbe mafigo yalikuwa yameisha kuharibika.

Kwa hiyo, bandugu, ku vizite ya kazi tuombe vitu vitatu: kupimwa tansio, kupimwa mukojo, na karatasi yetu mukononi. Mama wa nyumba naye apimwe. Mu mukojo munganga anaona kama figo inapitisha kitu kisichofaa kupita, mbele hata mutu ajisikie mugonjwa. Namba ile ni ya mwili wako. Si ya biro.