Sabine: Jamaa aliyebeba matakia usiku kucha akiwinda kelele

Hebu fikiria umeenda ushago Kibugu, kule Embu. Usiku umetulia. Halafu kesha linaanza, spika za kanisa la mabati zinafunguliwa. Maneno ya mhubiri huyashiki vizuri, lakini besi inakufuata mpaka kitandani. Unaziba dirisha kwa blanketi. Sauti nyembamba zinapungua kidogo, besi iko palepale. Na mdogo wako ana karatasi ya KCSE asubuhi.

Mbona blanketi linazuia sauti moja na kuachilia nyingine? Mtu aliyeanza kulijibu swali hilo kwa vipimo alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Anaitwa Wallace Clement Sabine. Kama unarekodi ngoma chumbani, unaishi juu ya baa ama uko kwenye kamati ya kujenga kanisa, maisha yake yanakuhusu.

Sabine alizaliwa tarehe 13 Juni 1868 mjini Richwood, Ohio, Marekani. Akiwa na miaka 18 tayari alikuwa na digrii ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Akaenda Harvard kuendelea na masomo, akabaki huko akifundisha fizikia. PhD hakuwahi kuchukua. Ukiambiwa ati bila karatasi hiyo huwezi kufanya utafiti wa maana, mkumbuke huyu.

Mwaka 1895 Harvard ilikuwa na aibu. Ilikuwa imejenga jumba la sanaa la Fogg, lakini kwenye ukumbi wake wa mihadhara wanafunzi hawakusikia kitu. Neno moja lilibaki likizunguka hewani kwa zaidi ya sekunde 5. Mwalimu yuko kwenye sentensi ya pili, na ile ya kwanza bado inagonga kuta. Kazi ya kurekebisha akapewa Sabine, kijana wa miaka 27 ambaye hata hakuwa mtaalamu wa sauti.

Vifaa vyake? Bomba la kinanda lililopulizwa kwa hewa ya tangi, saa ya kunakili muda, na masikio yake mwenyewe. Mchana kulikuwa na kelele za mji, kwa hivyo alifanya kazi usiku wa manane. Yeye na wasaidizi wake walibeba matakia ya viti kutoka Sanders Theatre, ukumbi mwingine wa chuo hicho, wakayapanga Fogg machache machache, wakipima kila mara sauti inachukua muda gani kufa. Kabla ya asubuhi matakia yote yanarudishwa. Usiku unaofuata, tena.

Jamaa alikuwa makini kupita kiasi. Alipogundua kwamba hata nguo alizovaa zinanyonya sauti na kuharibu hesabu, alitupa rundo la vipimo, akaanza upya akivaa nguo zilezile kila usiku.

Kufikia 1898 alikuwa na kanuni: muda ambao sauti inabaki ndani ya chumba unategemea ukubwa wa chumba na jumla ya vitu vinavyoinyonya humo ndani. Kanuni hiyo ikatumika kusanifu Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900. Mpaka leo inahesabiwa kati ya kumbi bora za muziki duniani.

Lakini hapo ndipo stori ya blanketi lako inaingia. Bomba lake la kwanza lilitoa sauti moja tu, ya mitetemo 512 kwa sekunde. Sabine hakuridhika. Alirudia vipimo kuanzia mitetemo 64 mpaka 4,096, na akaona kwamba kitu kinachonyonya sauti nyembamba vizuri kinaweza kuiacha nzito ipite.

Fanya hesabu kidogo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Wimbi la mitetemo 4,000 lina urefu wa sentimita 8.5, lakini besi ya mitetemo 100 ina wimbi la mita 3.4. Blanketi la sentimita 2 litafanya nini mbele ya wimbi refu kuliko mlango wako? Trei za mayai ulizobandika studio nazo ni hivyohivyo. Zinapunguza ukali kidogo tu, besi haizijui.

Sasa, unaweza kurekebisha. Pazia zito likisogezwa sentimita 20 mbali na ukuta huanza kunyonya sauti nzito kuliko likiwa limebandikwa. Ndiyo maana studio na kumbi nyingi za siku hizi zina mapazia ya kuvuta na mbao za kugeuza: leo kwaya, kesho hotuba, chumba ni kilekile.

Lakini kunyonya sauti ndani ya chumba si sawa na kuizuia isitoke. Hilo pia Sabine alilishughulikia. Mwaka 1915 alichapisha kazi kuhusu kuzuia sauti isipenye kuta, akijaribu tabaka za felti na mabati ya chuma zenye nafasi ya hewa katikati. Besi inataka ukuta mzito, ama kuta mbili zisizogusana, na hakuna upenyo. Bati moja jembamba lililo wazi pembeni haliwezi.

Tajiri mmoja, George Fabyan, alimjengea maabara yake ya sauti huko Riverbank, Illinois. Sabine hakuwahi kuifurahia. Alifariki tarehe 10 Januari 1919, akiwa na miaka 50, baada ya kujichosha na kazi za vita. Jamaa yake, Paul Sabine, ndiye aliyeichukua. Kipimo cha unyonyaji wa sauti kinaitwa sabini mpaka leo.

Kenya tuna kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009. Lakini kabla ya kupiga simu ama kugombana na pasta, mwombe apunguze besi peke yake na ageuze spika ziangalie ndani. Mahubiri yatasikika vilevile, na mdogo wako atalala.