Shekhar Mehta: mbio zisizoishia ukingoni

Wahenga wa Pwani walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii hufundishwa madarasani kutoka Likoni hadi Kisauni, lakini nje ya lango la shule vijana wetu hujifunza kinyume chake: kwamba shujaa wa barabara ni yule aendaye kasi kuwashinda wote. Nionavyo, walimu wangefanya vyema kuwasimulia maisha ya Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia tajiri yenye asili ya Kihindi. Mwaka 1971 alimaliza wa pili katika Safari Rally. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia nchini Uganda, naye akawa miongoni mwa waliohamia Kenya. Mwaka 1973, akiendesha Datsun 240Z, alimaliza sawa kwa alama na Harry Källström wa Sweden, na kanuni ya kuamua ikampa Mehta ushindi. Aliyepoteza nchi akawa fahari ya nchi nyingine.

Sifa yake kubwa ilikuja baadaye, kuanzia 1979 hadi 1982, aliposhinda mara nne mfululizo pamoja na mwelekezi wake Mike Doughty. Hakuna dereva mwingine aliyefanya hivyo katika mashindano hayo. Gari lake lilikuwa Datsun Violet, lililotokana na gari la kawaida la familia, lenye injini ya silinda nne na kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Halikuwa na maajabu. Fundi wa jua kali wa Changamwe angelielewa. Lakini Safari ya siku hizo ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, matope ya masika na mawe, usiku na mchana, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa malori wala mifugo. Wengi waliotangulia asubuhi walionekana jioni wamekwama kando ya njia.

Huenda msomaji akadai kuwa ushindi ulikuwa wa gari, si wa dereva. La hasha! Mwaka 1980 na 1981 Rauno Aaltonen wa Finland, dereva mahiri, aliendesha Datsun ya aina hiyo hiyo, na mara zote mbili akawa wa pili. Mwaka 1982 Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka huo, naye alimaliza nyuma ya Mehta. Siri yake ilikuwa kujua lini akaze mwendo na lini alihurumie gari.

Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilikatiza mbio zake. Hata hivyo hakuuacha mchezo huo, bali aliutumikia katika uongozi wa shirikisho la kimataifa, FIA. Alifariki London mwaka 2006.

Violet nayo ilipitwa na wakati, kwa maana magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne yalikuja na kutawala. Chuma huchakaa, funzo halichakai. Kijana apandaye bodaboda leo kati ya malori ya Changamwe na akumbuke kwamba bingwa huyu hakukumbukwa kwa sababu ya kasi yake. Alikumbukwa kwa sababu alifika.