Lena Bryant: Mjane aliyewavisha wanawake waliosahauliwa na maduka

KABLA ya wanawake kuanza kuagiza marinda kwa kubofya simu, palikuwa na katalogi iliyofikishwa mlangoni na tarishi wa posta. Mnunuzi aliitazama picha, akajipima kwa utepe, akajaza fomu na kutuma pesa, kisha akasubiri kwa siku nyingi akimwomba Mungu nguo imkae vyema. Kwa mwanamke mjamzito, au mwenye mwili mkubwa, dua hiyo mara nyingi haikujibiwa. Waliobuni mavazi ya dukani hawakuwa wamemfikiria.

Aliyeligeuza jambo hilo nchini Marekani hakuwa tajiri wala msomi. Lena Himmelstein Bryant alikuwa mhamiaji aliyejua kushona na aliyefiwa na mume mapema. Biashara aliyoianzisha, Lane Bryant, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwauzia kwa njia ya posta wanawake wa maumbo ambayo wafanyabiashara wengine waliona haya hata kuyataja.

Alizaliwa mwaka wa 1877 katika mji mdogo wa Rietavas nchini Lithuania, wakati huo ikiwa sehemu ya milki ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mamaye alifariki siku chache baada ya kujifungua, hivyo Lena akalelewa na babu na nyanya yake. Mnamo 1895 alivuka bahari hadi New York akiwa pamoja na jamaa wa mbali waliogharamia safari. Alipowasili ndipo alipong'amua kuwa nauli ile ilikuwa na masharti yake: jamaa hao walikusudia aolewe na mwana wao. Lena alikataa katakata. Alimfuata dadake aliyekuwa ametangulia kufika, akaajiriwa katika karakana ya kushona nguo za ndani za wanawake kwa ujira wa dola moja kwa wiki.

Alikuwa na mkono mwepesi, na katika kipindi kifupi ujira wake ulipanda hadi dola 15 kwa wiki, kiasi ambacho si haba kwa fundi wa kike wa enzi hizo. Mwaka wa 1899 alifunga pingu za maisha na David Bryant, sonara wa Brooklyn ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Urusi. Walijaliwa mtoto wa kiume, Raphael, mwaka uliofuata. Furaha hiyo haikudumu. Muda mfupi baada ya mtoto kuzaliwa, David aliaga dunia kutokana na kifua kikuu.

Inasimuliwa kwamba vipuli vya almasi alivyopewa na mumewe ndivyo alivyoviweka rehani ili apate malipo ya kwanza ya cherehani. Akawa anashona nyumbani huku akimlea mwanawe. Mnamo 1904 alikopeshwa dola 300 na shemejiye, akafungua duka dogo katika barabara ya Fifth Avenue. Jina la barabara hiyo lisimpotoshe msomaji, kwani duka lilikuwa upande wa Harlem, mbali na maduka ya matajiri, na chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa makao yake na mtoto.

Alipokwenda kufungua akaunti ya benki, herufi zikabadilishana nafasi kwenye karatasi na Lena akawa Lane. Kosa hilo halikusahihishwa. Ndilo lililopandishwa juu ya mlango wa duka, na ndilo linalosomeka kwenye nguo za kampuni hiyo hadi leo.

Mteja mmoja mjamzito ndiye aliyemfungulia njia. Alitaka vazi la heshima ambalo angeweza kuwapokelea wageni nyumbani bila kubanwa. Ombi hilo linaonekana dogo sasa, lakini wakati ule lilikuwa kama mwiko. Katika jamaa zilizojiona za kistaarabu, mwanamke ambaye tumbo lake limeanza kuonekana alitarajiwa kujifungia ndani hadi ajifungue, ilhali mke wa kibarua aliendelea kufua na kubeba mizigo hadi siku ya uchungu, na hakuna aliyemwonea haya. Maduka hayakuwa na nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mimba. Mwanamke alilegeza vifungo vya rinda lake la kawaida au akajifunika shali.

Lena aliunganisha kipande cha juu na sketi ya marinda membamba kwa mpira uliofichwa kiunoni, ili vazi litanuke kadiri tumbo linavyokua na bado lining'inie vyema. Hakuna siri kubwa katika ushonaji huo. Fundi yeyote mwenye akili angaliweza kuubuni. Tofauti ni kwamba yeye alianza na mwili uliokuwa mbele yake na kuufuata kwa kitambaa, badala ya kuutaka mwili ujikunje uingie kwenye nguo. Habari zilienea mdomo kwa mdomo, na wajawazito wakamiminika Harlem.

Mwaka wa 1909 Lena aliolewa tena, mara hii na Albert Malsin, mhandisi mzaliwa wa Lithuania, ambaye alizaa naye watoto watatu. Malsin alishika hesabu na mipango, mkewe akabaki na mikasi na ubunifu. Tatizo lao la kwanza halikuwa ukosefu wa wateja bali ukimya wa magazeti. Wahariri walikataa kuchapisha tangazo lolote lililotaja mavazi ya wajawazito, kana kwamba neno lenyewe lingewachafulia kurasa. Mnamo 1911 gazeti la New York Herald likakubali. Kufikia siku iliyofuata, shehena yote ya dukani ilikuwa imenunuliwa.

Hapo ndipo biashara ya posta ilipopata maana. Mwanamke aliyeona aibu kuonekana barabarani akiwa na mimba angeweza sasa kuagiza akiwa chumbani mwake, na kifurushi kikamfikia bila jirani kujua. Mauzo yalipita dola milioni moja kufikia 1917.

Katika kusoma barua za wateja na kuwahudumia waliofika dukani, wanandoa hao walitambua kundi jingine lililonyimwa nguo: wanawake wanene, wawe na mimba au la. Viwanda vya wakati huo vilishona kwa kufuata umbo moja lililosifiwa, la kifua cha inchi 36, kisha vikapanua kipimo hicho kidogo kwa waliozidi. Matokeo yake yalijulikana na kila mwanamke mkubwa. Nguo iliyomtosha kifuani ilimbana nyonga, na iliyomtosha nyonga ilimpwaya mabegani.

Malsin alilikabili suala hilo kihandisi. Aliwapima wateja wapatao 4,500 dukani mwao, akapata na takwimu za wanawake takriban 200,000 kutoka kwa kampuni ya bima. Hesabu zilimwonyesha kuwa karibu asilimia 40 ya wanawake walikuwa wakubwa kuliko lile umbo la inchi 36. Walioitwa wachache, kumbe walikuwa umati. Aligundua pia kuwa wanene si wamoja. Aliwagawa katika aina tatu kulingana na mahali mwili ulipobeba uzito, na nguo zikaanza kukatwa kwa kufuata aina hizo badala ya kuongezwa upana tu. Kwa wanunuzi waliokuwa wakipokea vifurushi visivyowatosha na kuvirudisha posta, hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa. Kufikia 1923, mauzo ya kampuni yalikuwa yametimia dola milioni tano, na mavazi ya wanene yalikuwa yameyapiku ya wajawazito.

Hata hivyo, katika kurasa za katalogi kulikuwa na kasoro ambayo mafanikio hayo hayakuifuta. Picha nyingi za miongo ya mwanzo zilikuwa michoro, na wanawake waliochorwa walionekana warefu na wembamba kuliko wale waliokusudiwa kuvaa. Maelezo kando ya michoro yaliahidi kuwa vazi lingemfanya mvaaji aonekane mwembamba. Yaani kampuni iliyokuwa imeipima miili halisi kwa maelfu, ilipofika wakati wa kuionyesha, iliificha.

Sababu si ngumu kuelewa. Mitindo ya miaka ya 1920 ilitukuza umbo lililonyooka kama mwanzi, lisilo na kifua wala nyonga, na mfanyabiashara aliogopa kumwonyesha mteja kioo ambacho huenda hakukitaka. Pengine wateja wenyewe walipenda kuuziwa ndoto hiyo. Lakini mchoro wa mwanamke mwembamba haumwambii mnene mshono utaangukia wapi tumboni mwake, wala kama mkono utabana anapoinua kikapu. Mgala muue na haki yake mpe: Lena aliwapa wanawake hao nguo iliyowatosha, jambo ambalo wengine hawakulijaribu. Picha iliyowafanana hawakuipata kwake.

Malsin alifariki mwaka wa 1923, na Lena akawa mjane kwa mara ya pili. Kampuni ilikuwa kubwa tayari, na watoto wake wakaja kushika hatamu. Kwa upande wa wafanyakazi, Lane Bryant ilitangulia nyingi za rika lake. Iliwapa mgao wa faida, malipo ya uzeeni na bima ya maisha, na ilipouza hisa kwa umma iliwatengea robo yake. Mwanamke aliyewahi kushona kwa dola moja kwa wiki hakuhitaji kuelezwa kwa nini mambo hayo yalifaa.

Kampuni ilikuwa na desturi nyingine: kwa kushirikiana na shirika la Msalaba Mwekundu, wateja waliopoteza nguo zao katika majanga walipewa nyingine bila malipo. Baada ya meli iliyosheheni mbolea kulipuka katika bandari ya Texas City mwezi Aprili 1947 na kuua mamia ya watu, wateja 58 wa posta walivishwa upya. Aidha, baada ya Vita vya Pili vya Dunia maduka yake yaligeuzwa vituo vya kukusanya nguo za wakimbizi wa Uropa. Lena mwenyewe alichangia mashirika yaliyowasaidia wahamiaji wa Kiyahudi, watu waliofika New York wakiwa mikono mitupu kama alivyofika yeye. Aliaga dunia mnamo Septemba 1951.

Mwaka kumi kabla ya kifo chake, serikali ya Marekani ilikuwa imejaribu kufanya kwa nchi nzima kile ambacho Malsin alikifanya dukani. Kazi hiyo, isivyotarajiwa, ilisimamiwa na Idara ya Kilimo, iliyokuwa na wataalamu wa masuala ya nyumbani. Wanawake wapatao 15,000 walipimwa mnamo 1939 na 1940, kila mmoja zaidi ya vipimo 50, na matokeo yakachapishwa 1941. Waliokuwa wametilia mkazo haja ya saizi za pamoja ni wafanyabiashara wa posta, waliokuwa wakipata hasara kwa nguo zilizorudishwa, na mwaka wa 1958 vipimo rasmi vilitolewa. Ila hesabu iliyotumika ilihusu wanawake weupe pekee. Vipimo vya wasio weupe viliwekwa kando. Mwanamke mweusi aliyevaa nguo ya saizi hizo alikuwa akivaa wastani ambao yeye hakuhesabiwa ndani yake. Vipimo hivyo viliondolewa mwaka wa 1983, kila kampuni ikabaki na nambari zake.

Mnunuzi wa mitumba pale Gikomba anaufahamu mkanganyiko huo bila kusomewa historia. Blauzi mbili zenye nambari moja kwenye ukosi, moja inamkaa, nyingine haimpiti mabegani. Yeye angalau anaweza kuijaribu nguo papo hapo. Anayenunua kwenye intaneti hana fursa hiyo, amerudi pale alipokuwa mteja wa Lane Bryant na katalogi yake mkononi. Anachotegemea ni jedwali la vipimo na picha ya mwanamitindo.

Lane Bryant iliuzwa mwaka wa 1982 kwa kampuni ya The Limited na imebadilisha mikono tena tangu hapo. Siku hizi huwatumia wanamitindo wanene waziwazi, na maduka mengine ya mtandaoni yameanza kuonyesha vazi moja likiwa limevaliwa na watu wa maumbo tofauti. Wateja walilidai hilo kwa miaka mingi. Baadhi ya kampuni, lakini, zimepata njia ya mkato. Mnamo Machi 2023, Levi Strauss ilitangaza kwamba ingejaribu kutumia wanamitindo waliotengenezwa kwa akili unde na kampuni ya Lalaland.ai ya Uholanzi, ili wateja waone mavazi kwenye miili na rangi za aina nyingi zaidi. Tatizo ni kuwa mwanamitindo wa aina hiyo hajawahi kuivaa nguo yenyewe, hivyo kitambaa hakijapata mwili wa kukivuta. Wakosoaji waliuliza mara moja kwa nini wanawake wenye miili hiyo wasiajiriwe na kulipwa. Siku chache baadaye kampuni ilifafanua kuwa haikuwa na nia ya kupunguza upigaji picha wa watu halisi.