Lettow-Vorbeck: aliyehesabu kila risasi

Mama anayevuka asubuhi kutoka Gisenyi kwenda Goma na kapu la nyanya kichwani hupita mahali palipokuwa uwanja wa vita kati ya mwaka 1914 na 1916. Wajerumani walikaa Gisenyi chini ya Kapteni Max Wintgens, Wabelgiji wakakaa ng'ambo. Mpaka wenyewe ulikuwa mchanga: madola ya Ulaya yalikubaliana juu yake mwaka 1910. Septemba 1914 Wintgens alikiteka kisiwa cha Idjwi, na kwa muda Ziwa Kivu likawa la Wajerumani.

Mkuu wa majeshi yote ya Wajerumani Afrika Mashariki alikuwa mbali, upande wa Kilimanjaro. Jina lake Paul von Lettow-Vorbeck. Alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, tarehe 20 Machi 1870, akapigana China, kisha Namibia ya leo wakati Waherero walipoangamizwa. Alifika Dar es Salaam Januari 1914. Vita vilipoanza Agosti, alikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wapatao 260.

Shida yake kubwa ilikuwa risasi. Kampuni nyingi zilibeba bunduki za muundo wa 1871, ambazo moshi wake mzito ulimwonyesha adui mpigaji alipojificha. Meli za Waingereza zilifunga pwani, na ndani ya nchi hakukuwa na kiwanda. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulimpa bunduki na risasi nyingi zilizoachwa na Waingereza waliokimbilia melini, lakini hazikutosha.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojificha chini ya jina la Kidenmaki, Kronborg, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifuata na kuipiga. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha kwenye maji mafupi, na baadaye shehena ikatolewa: bunduki mpya na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi.

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako, baruti ndani na kichwa cha risasi mdomoni. Bunduki mpya za Mauser zilitumia ganda la milimita 57, na kipimo hicho si cha kuchezewa. Ganda lililokwisha kupigwa hurefuka kidogo, hivyo fundi anayetaka kulijaza tena hulipima kwanza, akalikata mdomo mpaka lirudi kwenye kipimo chake. Likizidi, mdomo hubanwa pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba. Hapo kichwa cha risasi hakiachii, nguvu ya baruti hupanda, na bunduki yaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Risasi za Rubens zilikuwa hazijapigwa, kwa hiyo urefu wake haukuwa na kasoro. Adui wake alikuwa maji. Kwa miezi kadhaa zilifunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa na kukaushwa, kisha zikajazwa upya. Baadaye zilijaribiwa kwa mafungu. Fungu lililowaka bila kukosa liliwekewa bombomu, na lililokosa mno likaachwa kwa mazoezi. Kazi hiyo ya subira ndiyo iliyorefusha vita.

Mtu aliyelipia urefu huo ni mwananchi. Kila sanduku la risasi lililofika mahali pasipo na reli lilikwenda kwa kichwa cha mpagazi. Risasi zilipimwa na kuandikwa, lakini hesabu kamili ya wapagazi waliokufa upande wa Wajerumani haipo. Chakula cha jeshi kilitoka vijijini, kwa hiari au kwa nguvu. Mei 1916 Wabelgiji waliingia Kigali na Wintgens akaiacha Gisenyi, lakini nyuma ya majeshi ilibaki njaa. Kaskazini magharibi mwa Rwanda inakumbukwa kwa jina la Rumanura, na iliua watu hadi mwaka 1918.

Lettow-Vorbeck aliendelea kurudi kusini. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, yalimmalizia karibu risasi zote za kisasa. Tarehe 25 Novemba alivuka Mto Ruvuma na kuwanyang'anya Wareno bunduki na risasi pale Ngomano. Alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa amebaki na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100.

Berlin ilimpokea kama shujaa mwaka 1919. Mwaka uliofuata alifukuzwa jeshini kwa kuunga mkono jaribio la kuipindua serikali, na baadaye akawa mbunge. Alirudi kuitazama Tanganyika mwaka 1953. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wake waliokuwa hai malimbikizo ya mishahara.

Uamuzi huo uliwahusu askari. Wapagazi, wa upande wa Waingereza, walibaki na jina la soko. Mfanyabiashara wa Rubavu anayefuata mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, hununua mahali palipokuwa kambi ya kikosi chao, na jina la Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho.