Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Suala la Skuli



Ni ada yetu katika kurasa hizi kuwakumbuka wanavyuoni waliotutangulia, si kwa kuwasifu tu, bali kwa kuyatazama waliyoyatenda ili tupate la kufuata. Mara hii tunamkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tumemchagua kwa kuwa jambo lililomshughulisha ndilo linalotushughulisha sisi watu wa Kwale, Diani na Msambweni hata leo: mtoto wa Kiislamu asome wapi, asome nini, na akikwama afanyiwe nini.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, mwanachuoni aliyesifika pwani nzima, alifariki mwaka 1894, naye Al-Amin bado ni mtoto mdogo. Basi alianza maisha akiwa yatima, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui.

Haukupita muda, vita vikazuka. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid Mazrui, ambaye makao yake yalikuwa Gazi, hapo kati ya Diani na Msambweni, alipigana na Waingereza. Mwaka uliofuata alishindwa, akavuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa chini ya Wadachi. Jumba lake la Gazi likaja kutumiwa kuwa skuli. Wazee waliokuwa wameshika silaha walizitua, na watoto waliokuwa wakikua wakati huo, Al-Amin akiwa mmoja wao, wakarithi swali zito: watu walioshindwa kwa bunduki watasimama tena kwa kitu gani? Sheikh alilijibu swali hilo kwa elimu, wala hakubadili jibu lake mpaka kufa kwake.

Alisafiri kwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliokuwa vinara wa elimu ya dini katika pwani yetu. Vile vile alisoma jarida la Al-Manar lililotoka Misri, akayajua mawazo ya Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Rida, kwamba Uislamu haugombani na elimu ya ulimwengu, na kwamba unyonge wa Waislamu umetokana na ujinga wao wenyewe.

Ili tufahamu uzito wa kazi yake, hapana budi tuikumbuke hali ya zama zile. Serikali ya Kiingereza iliiacha sehemu kubwa ya skuli za Waafrika mikononi mwa wamisheni, ikawa inawasaidia kwa fedha. Mzazi Mwislamu alijiona yuko baina ya mambo mawili mazito: ampeleke mwanawe skuli na kuhofia dini yake, au amweke nyumbani na kuipoteza dunia yake. Wengi walichagua kuwaweka nyumbani, na hatuwezi kuwalaumu kwa hofu yao, kwani ilikuwa na sababu. Lakini hasara ilikuwa kubwa. Serikali nayo ilifungua skuli chache zisizokuwa za misheni: Skuli ya Waarabu ya Mombasa mwaka 1912, na huku kwetu Skuli ya Waa, mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliyokusudiwa watoto wa Kidigo. Hata hizo ziligawanywa kwa asili za watu, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwarabu kwake na Mwafrika kwake. Watoto walioswali katika safu moja msikitini walitenganishwa mlangoni mwa skuli.

Katika hali hiyo, mwaka 1930 Sheikh alianza kutoa jarida dogo aliloliita Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwakemea Waislamu kwa israfu ya mali, na kwa kuwaiga Wazungu mavazi na anasa huku wakiyaacha yale yaliyowapa nguvu, yaani elimu, bidii na umoja. Hakuwaambia watu waikimbie skuli, wala hakuwaambia wamtie mtoto ndani yake kisha waiache dini iangalie njia yake. Aliwataka watafute elimu ya kisasa na wajenge mahali pao pa kuisomesha pamoja na Kurani. Juhudi hizo, zake na za wenziwe, ndizo zilizosimamisha Madrasa ya Ghazali hapo Mombasa katika miaka ya 1930. Aliandika pia vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi ili mtoto asikariri tu asilolifahamu. Watoto wa kike nao alitaka wasome, jambo ambalo wengi wa zama zake hawakupenda kulisikia.

Mwaka huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichobaki nacho mpaka alipofariki mwaka 1947.

Hapa pana funzo ambalo wengi hulipita. Mwanawe, Ali, aliachwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 14, na mtihani wake wa mwisho wa skuli haukutoka vizuri. Mlango wa Makerere ukafungika. Akashika kazi ya ukarani katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1951, na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hapo alihutubu katika sherehe ya kuzaliwa Mtume, Gavana akamsikia, na njia ikafunguka ya kwenda Uingereza kukamilisha masomo yake. Akapata shahada Manchester mwaka 1960 na udaktari Oxford mwaka 1966, naye akawa profesa katika Makerere ile ile. Lau watu wangemhukumu kwa mtihani ule mmoja, ulimwengu usingemjua Profesa Ali Mazrui.

Enyi wazazi, mambo ya serikali yamebadilika. Skuli za msingi za umma zimekuwa bila ada tangu mwaka 2003, na tangu Januari 2026 mtoto huingia Gredi ya 10 kwa kuchagua moja katika njia tatu: ya sayansi na ufundi, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo. Uchaguzi ambao babu zetu hawakuupata tumeupata sisi. Basi tusiuache mikononi mwa mtoto peke yake, wala tusimalize kwa kuuliza skuli gani iko karibu. Tukae naye, tuwaulize walimu wake, tuhakikishe chuo cha Kurani hakikufa kwa sababu ya skuli. Na aliyerudi na alama mbaya asipelekwe moja kwa moja ufukoni Diani kutafuta riziki kwa watalii kabla hatujamtafutia mwalimu na kumpa nafasi ya pili.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.