Thomas Willis na Kichwa Kiumacho

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana, nilimwadhibu msichana mmoja darasani mwangu aliyekuwa na desturi ya kuinamia dawati akilalamika kichwa. Nilimhesabu kuwa mvivu. Baadaye daktari alimsikiliza kwa makini, akatambua kwamba maradhi yake ni kipandauso. Aibu ile haijanitoka hadi leo, nayo ndiyo iliyonisukuma kuzisoma habari za Thomas Willis.

Tabibu huyu Mwingereza alizaliwa mwaka wa 1621, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford. Hakuanza na makuu. Siku za gulio alikuwa akienda masokoni kuwatafuta wagonjwa. Mwaka wa 1664 alichapisha kitabu mashuhuri juu ya ubongo, na duara la mishipa ya damu iliyo chini ya ubongo lingali likiitwa kwa jina lake.

Hata hivyo, mimi humstahi zaidi kwa jinsi alivyowachunguza wagonjwa. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1672 alieleza habari za mwanamke ambaye jioni moja kabla ya maumivu alishikwa na njaa kali, akala kupita kiasi, akajua hakika kwamba kesho yake kichwa kitamuuma. Madaktari wa leo wanaifahamu vyema dalili hiyo ya kipandauso. Willis asingaliuliza na kungojea jibu, asingaliijua.

Hakuweza kumponya kila mtu. Mwanafalsafa Anne Conway, aliyeteswa na kichwa tangu utotoni, alitibiwa naye pamoja na mabingwa wengine, lakini hakupona hadi alipofariki mwaka wa 1679. Tiba nyingi za zama hizo, kama vile kumtoa mgonjwa damu na kumpa zebaki, zilidhuru kuliko kufaa. Willis mwenyewe alifariki mwaka wa 1675, akazikwa Westminster Abbey jijini London.

Walimu wenzangu, kichwa cha mtoto huweza kuumwa kwa njaa, macho mabovu, malaria au kipandauso. Dawa ya maduka haiwezi kutufunulia ni kipi kati ya hivyo. Na maumivu yakija ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au yakiandamana na homa na shingo kukakamaa, au yakifuata kuanguka, mgonjwa akimbizwe hospitalini bila kukawia. Nanyi wanafunzi, andikeni siku, saa na mlichokula kabla ya maumivu; daktari atawashukuru.

Wahenga walituonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini msichana yule hakuficha lolote. Aliyeziba masikio ni mimi.